Mgonjwa aliyepandikizwa seli shina akichanganyikiwa, tusikimbilie kusema ni majini

Siku hizi si ajabu kusikia jamaa wa hapa Pwani amepelekwa India kupandikizwa seli shina kwa sababu ya saratani ya damu au selimundu. Tunachanga, tunaomba dua, na akirudi salama tunashukuru. Jambo tusilolizungumza ni kwamba ubongo wake waweza kupata madhara wiki au hata miezi baadaye.

Huanza kusahau mambo ya jana, kuropokwa, kuumwa sana na kichwa, kutoona vyema au kuanguka kifafa. Kwetu, hapo maneno ya majini huanza. Kisomo sikikatazi, nami husoma. Lakini hospitali isisubiri kisomo kiishe.

Daktari hutaka vipimo vingi kwa sababu dalili hufanana ilhali chanzo chaweza kuwa tofauti kabisa. Takrolimasi na saiklosporini, dawa zinazozuia kinga mpya isimshambulie mgonjwa, zaweza kupandisha presha na kuvimbisha ubongo, hasa upande wa nyuma. Chembe za kugandisha damu zikipungua, damu yaweza kuvuja kichwani. Na kinga ikiwa chini, virusi vya HHV-6, ambavyo wengi wetu tunavyo tangu utotoni, huweza kuamka wiki za mwanzo na kuharibu kumbukumbu. Vimelea vya toksoplasma navyo huamka vivyo hivyo.

Ndiyo maana hupimwa presha, sukari, chumvi za damu na kiwango cha dawa mwilini. Picha ya CT huonyesha haraka kama damu imevuja. Ya MRI huonyesha uvimbe na maambukizi kwa undani zaidi. Maji ya uti wa mgongo hutafutwa virusi, lakini baada ya kuhakikisha damu ya mgonjwa yaganda vizuri. Kipimo cha umeme wa ubongo hugundua kifafa kisichoonekana kwa macho.

Tofauti hii ndiyo uhai wenyewe. Uvimbe wa dawa mara nyingi hupona presha ikishushwa na dawa ikibadilishwa mapema. Virusi vyataka dawa yake.

Basi nendeni na karatasi za hospitali ya kule, tarehe ya kupandikizwa na dawa zote anazotumia, hata za miti shamba. Wala msimwachishe dawa wenyewe: kinga mpya yaweza kumgeuka.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu.