Nyoka Mgeni Katika Kisiwa cha Guam

Umekwisha kujifunza kwamba viumbe hai hutegemeana. Je, huwaje kiumbe mgeni anapoingia mahali ambapo wenyeji hawajamzoea? Soma habari za Guam upate jibu.

Guam ni kisiwa kilichomo katika bahari ya Pasifiki, chini ya utawala wa Marekani. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 540 hivi, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kisiwa cha Pemba. Zamani misitu yake ilijaa sauti za ndege. Mmoja wao ni ko'ko', ndege asiyeweza kuruka, ambaye hutaga mayai chini. Hapakuwa na nyoka wa kuwawinda ndege hao, kwa hiyo hawakujua kujikinga naye.

Nyoka alifikaje?

Vita Kuu ya Pili ilikwisha mwaka 1945. Baada ya vita, Wamarekani walisafirisha vifaa vya jeshi kutoka visiwa vingine hadi Guam. Wanasayansi wanaamini kwamba nyoka wa miti wa rangi ya kahawia alijificha ndani ya mizigo iliyotoka kisiwa cha Manus, karibu na Guinea Mpya. Nyoka huyu ni mwembamba, hupanda miti kwa wepesi na huwinda usiku. Huko Guam alikuta chakula tele, wala hakukuta adui wa kutosha kumpunguza. Basi akazaana upesi.

Madhara yake

Kulikuwa na aina 12 za ndege wenyeji wa msituni. Aina 10 zilitoweka kisiwani. Leo sehemu nyingi za misitu hiyo zimekuwa kimya.

Madhara hayakuishia kwa ndege. Ndege walikuwa wakila matunda na kuziangusha mbegu mbali. Sasa mbegu nyingi huanguka chini ya mti uleule uliozaa, na miche michache tu huota. Ndege walikuwa pia wakila buibui na wadudu. Wakati wa mvua, buibui wa msituni huko Guam huweza kufikia mara 40 ya wale wa visiwa jirani. Tena nyoka hupanda nguzo na nyaya za umeme, na mara nyingi wamesababisha umeme kukatika.

Jinsi ya kupambana naye

1. Huwekwa mitego. Chambo chake ni panya hai, aliyefungiwa katika kitundu chake ili nyoka asimfikie.
2. Watu hutembea usiku kwa tochi, wakiwatafuta nyoka kwenye nyua.
3. Mbwa waliofunzwa hunusa mizigo kabla ya kupakiwa katika meli na eropleni, ili nyoka wasifike visiwa vingine, kama vile Hawaii.
4. Panya waliokufa hutiwa dawa ya parasetamoli na kudondoshwa msituni kwa helikopta. Dawa hiyo hutuliza maumivu ya mwanadamu, lakini kiasi kidogo tu humwua nyoka huyu.

Ko'ko' wachache waliobaki walikamatwa katika miaka ya 1980 wakafugwa. Mwaka 2010 baadhi ya uzao wao waliachiwa huru katika kisiwa kidogo cha Cocos, karibu na Guam. Hata hivyo, nyoka hawajamalizwa huko Guam mpaka leo.

Kumbuka kwamba nyoka huyu si mwovu. Kwao Manus ana mahali pake miongoni mwa viumbe wengine. Kosa lilikuwa la watu waliosafirisha mizigo bila kuikagua. Hata kwetu yametokea mambo kama hayo. Kunguru weusi wenye shingo za kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19. Wamezaana mno, nao hula mayai na makinda ya ndege wengine. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa hiyo usichukue mnyama wala mmea wa mahali pengine na kumwachia au kuupanda ovyo.

Maswali

1. Kwa nini nyoka walizaana upesi huko Guam?
2. Eleza jinsi kutoweka kwa ndege kulivyoathiri miti.
3. Je, ni lipi rahisi zaidi: kukagua mizigo au kuwaondoa nyoka waliokwisha kuenea? Toa sababu.