Irabu Saba, Mihimili Sita: Herufi za Kinyakyusa katika Lebo za Chati

Kiswahili sanifu kina bahati ambayo wasemaji wake huisahau kwa urahisi. Alfabeti yake haidai herufi yoyote iliyo nje ya zile za taipureta ya Kiingereza. Hivyo mfumo wa ASCII ulipowekwa mwaka 1963, ukiwa na nafasi 128 tu, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kupata makao katika kompyuta. Lugha jirani nyingi hazikubahatika hivyo.

Katika eneo la Kawetele, mjini Tukuyu, wilaya ya Rungwe, husemwa Kinyakyusa. Lugha hii ina irabu saba, nazo ni i, ɨ, e, a, o, ʉ na u. Irabu ɨ na ʉ, ambazo baadhi ya wanaisimu huziandika ɪ na ʊ, hazimo katika Kiswahili. Hizo ni fonimu kamili, wala si mapambo ya mwandishi. Jina la lugha lenyewe, Ɨkɨnyakyʉsa, lina herufi kumi na moja, na tatu kati yake haziko katika ASCII.

Na achukuliwe mfano wa mtafiti aliyekusanya msamiati Kawetele, akauhifadhi katika hifadhidata, kisha akaiagiza programu ya kuandalia ripoti imchoree chati ya mihimili ionyeshayo kila irabu imetokea mara ngapi. Anatarajia mihimili saba. Kosa lililo jepesi kulitambua ni lile la usimbaji. Katika UTF-8 herufi ɨ huhifadhiwa kwa baiti mbili. Programu isomayo kila baiti kama herufi moja ya mfumo wa Windows wa Ulaya Magharibi itaandika É¨ mahali pa ɨ, na jina la lugha litatokea hivi: Æ—kÉ¨nyakyÊ‰sa. Lebo kama hiyo inachukiza macho, lakini ina heri yake, maana hakuna asiyeona kwamba pana hitilafu.

Hatari kubwa zaidi ni kosa lisilopiga kelele. Endapo data zitapitishwa katika mfumo usiozijua herufi hizo, ɨ na ʉ zote mbili huweza kugeuzwa kuwa alama ya kuuliza. Ugeuzaji huo ukitokea baada ya hesabu kufanywa, chati itakuwa na mihimili saba, miwili ikiwa na lebo moja. Ukitokea kabla ya hesabu, programu itaona alama moja tu, itajumlisha idadi za irabu mbili, na kuchora mihimili sita. Hapo si sura ya lebo iliyoharibika, bali ni matokeo ya utafiti. Mbaya zaidi ni pale mtu mwenye nia njema anapobadili ɨ kuwa i na ʉ kuwa u ili "kuepuka usumbufu". Chati itatoka safi, yenye mihimili mitano, na msomaji atafundishwa kwamba Kinyakyusa kina irabu kama za Kiswahili.

Herufi kubwa zina kisa chao. Ɨ ilikuwamo katika Unicode tangu miaka ya mwanzo ya 1990, lakini Ʉ iliingizwa mwaka 2006 tu, katika toleo la 5.0. Kabla ya hapo, programu iliyoamriwa kuandika kichwa cha chati kwa herufi kubwa ingetoa ƗKƗNYAKYʉSA, kwa kuwa ʉ haikuwa na mwenziwe mkubwa.

Hata usimbaji ukiwa sahihi, fonti yaweza kukosa umbo la herufi. Chati huonekana vema kwenye skrini, kumbe katika faili la PDF pana kisanduku kitupu au pengo. Fonti kama Charis SIL na Doulos SIL zinazo herufi hizi, ila lazima fonti ipachikwe ndani ya faili lenyewe.

Kiswahili nacho hakijasalimika kabisa, kwa sababu ya ritifaa. Katika lugha ya SQL alama hiyo ndiyo hufunga matini. Neno ng'ombe likiingizwa ovyo katika amri hukatwa baada ya ng, na amri nzima hushindwa. Isitoshe, programu za uchapaji hupenda kuipinda, hata ng'ombe na ng’ombe zikahesabiwa kuwa maneno mawili. Kosa hili ni kinyume cha lile la Kinyakyusa: hapa neno moja hupewa mihimili miwili.

Kwa hiyo mtafiti mwangalifu hasubiri data zikamilike. Huanza kwa kuingiza maneno mawili tu, Ɨkɨnyakyʉsa na ng'ombe, akayapitisha njia yote kutoka hifadhidata hadi karatasi iliyochapwa, kisha akahesabu mihimili kwa kidole.