Je, Wajua? Leseni Iliyojificha Ndani ya Tovuti Yako

Una duka la asali, ndengu au vyondo pale Kabati, Kitui, na fundi anakutengenezea tovuti? Sogea hapa kwenye benchi. Kile kisanduku unachoandikia bei mpya, chenye vitufe vya kukoza na kulaza maandishi, kina mwenyewe!

Je, wajua kwamba huenda fundi wako hakukitengeneza? Mafundi wengi huchukua programu huria (zenye msimbo ulio wazi kwa wote) zilizo tayari, kama TinyMCE ya mwaka 2004. Nyingine ni CKEditor, iliyoanza mwaka 2003.

Je, wajua kwamba TinyMCE imevaa leseni tatu tofauti? Toleo la 5 lilikuwa na LGPL, la 6 la mwaka 2022 likaja na MIT, na la 7 la mwaka 2024 likahamia GPL. Fundi akisasisha toleo tu, masharti nayo yamegeuka. Umeona?

Je, wajua kwamba leseni ya MIT haifiki maneno 200, ilhali GPL toleo la 3 inapita maneno 5,000? Hata hivyo, hiyo fupi nayo haichezewi: tangazo la hakimiliki lazima libaki kwenye nakala.

Je, wajua kwamba programu huria inaweza kuuzwa? Richard Stallman, mwandishi wa GPL, aliuza kanda za programu yake ya Emacs mwaka 1985, dola 150 kwa kanda. Kwa hiyo fundi akikutoza pesa, usimwite mwizi!

Je, wajua kwamba fundi akikukabidhi programu ya GPL, una haki ya kupata msimbo wake? Unaweza kuubadilisha na hata kumpa jirani nakala. Anayetaka kuficha msimbo wake ndani ya kazi iliyojengwa juu ya CKEditor 5, nayo ya GPL, ana njia nyingine: anunue leseni ya kibiashara.

Je, wajua kwamba zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani zinaendeshwa na programu ya WordPress? Ilizaliwa tarehe 27 Mei 2003, nayo iko chini ya GPL. Pengine yako imo!

Je, wajua kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi, sawa na riwaya? Tena shika hili: kazi uliyomwagiza fundi, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa yako, msipokubaliana vingine. Lakini programu aliyoichukua kwa watu wengine hubaki ya wenyewe.

Je, wajua kwamba magarimoshi ya kuchezea yalifikisha leseni huria mahakamani? Mwaka 2008, katika kesi ya Jacobsen na Katzer, mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema kuvunja masharti ya leseni hiyo kunaweza kuwa kuvunja hakimiliki. Programu yenyewe ilikuwa ya kuendesha vigarimoshi vya mezani!

Je, wajua kwamba ni leseni huria iliyowapa Watanzania programu ya ofisini ya OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004? Kazi hiyo ilifanyika chini ya mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Programu ikaitwa Jambo OpenOffice!

Je, wajua kwamba Wakenya nao wameilisha dunia? Ushahidi, programu huria iliyozaliwa Kenya Januari 2008 kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, ilitumika Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010.

Sasa wewe wa Kabati, kabla hujamalizia malipo ya tovuti, mwambie fundi akuandikie orodha: kila programu ya watu wengine aliyoitumia, toleo lake na leseni yake. Fundi anayeijua kazi yake atakupa.