Vita Bila Wapagazi

Wahenga walisema vita havina macho. Laiti wangalikuwako hapa Tuala siku hizi, wangaliona vita vikipiganwa kiooni, huku majemadari wakinywa chai.

Likizo iliyopita wapwa wangu wawili walizozana sebuleni kwangu hata chai yenyewe ikapoa. Mkubwa, mwanafunzi wa chuo kikuu, hupenda michezo ya vita ya tarakilishi iliyosheheni mambo madogo madogo. Kipenzi chake ni War in the Pacific, uliotungwa na Gary Grigsby na kutolewa mwaka wa 2004, ambamo hata marubani wana majina. Mdogo, wa shule ya upili, ni mfuasi wa Civilization, mchezo wa Sid Meier wa mwaka wa 1991, ambamo jeshi zima ni picha moja na karne hupita kabla ya chakula cha jioni.

"Wewe si jemadari, u karani wa bohari," mdogo alimcheka kaka yake.

"Nawe wacheza drafti iliyopakwa rangi," mkubwa akamrudi. "Mjomba, wewe ni mwalimu. Tuamulie."

Niliwaeleza kwamba ugomvi wao una umri mkubwa. Mwaka wa 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, wenye dadu, vipimo vya mwendo na majedwali ya majeruhi. Sheria zilichosha watu, na mwaka wa 1876 Julius von Verdy du Vernois akashauri kwamba nyingi ziachwe, mwamuzi mzoefu akate shauri. Hata hivyo, mwaka wa 1979 ulitokea Marekani mchezo wa mezani uitwao The Campaign for North Africa, ambao askari wa Kiitalia walitengewa maji ya ziada ya kupikia tambi! Wako waliostaajabia bidii hiyo, wengi waliicheka.

Kwa upande mwingine, bao letu lina mashimo 32 na kete 64, wala hakuna aulizaye jina la kete. Kufupisha, basi, si dhambi. Hata ramani ya darasani ni ufupisho.

Lakini nikawauliza swali. Ukitoka hapa Tuala hadi Kitengela, ukashika barabara kuu, utafika Namanga. Ng'ambo ya mpaka uko mlima Longido. Tarehe 3 Novemba 1914 majeshi ya Waingereza yaliwashambulia Wajerumani huko, maji yakiwa haba, na siku hiyohiyo yakarudi nyuma. Mngeutungaje mchezo wa vita hivyo? Mkubwa akaanza kuhesabu bunduki na farasi. Mdogo akasema picha mbili zikabiliane, yatosha.

Hakuna aliyemtaja mpagazi.

Msomaji mpendwa, vita vile vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki vilibebwa vichwani. Jina la Kariokor jijini Nairobi, na Kariakoo la Dar es Salaam, yametokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Tangu mwaka wa 1915 sheria iliruhusu vijana wa nchi hii kuchukuliwa kwa nguvu. Vifo vilivyoandikwa rasmi vya wapagazi wa upande huo vilizidi 40,000, na wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na utapiamlo. Yamkini wengine hawakuandikwa popote.

Hapo ndipo nilipoona kwamba wapwa wangu wote wawili wamekosea mahali pamoja. Si idadi ya mambo iliyo muhimu, bali ni ya nani yaliyohesabiwa na ya nani yaliyofutwa. Mchezo waweza kuwa na maelfu ya takwimu, na bado mpagazi akawa tarakimu tu iitwayo shehena, ipunguayo bila kilio.

Mdogo alinyamaza, kisha akaenda jikoni akaleta maharagwe. Alipanga askari kumi upande mmoja na wapagazi thelathini upande wa pili. Sheria ilikuwa moja: kila hatua mbele, mpagazi mmoja aondoke asirudi. Kaka yake, mpenda takwimu, alisonga hatua sita kwa haraka. Ya saba alikawia. Ya kumi alikataa kabisa, akauliza kama hakuna njia ya kurudi nyumbani.

Walimu wenzangu, tusiwafukuze wanafunzi kwenye michezo hii. Tuwatake waitunge upya. Vitabu vyetu navyo hufupisha, husema fulani alimshinda fulani, na mtihani hauulizi zaidi. Mwanafunzi akijifunza kuuliza "nani alibeba mzigo?" mbele ya kioo, atauliza vivyo hivyo mbele ya kitabu, na kesho mbele ya wakubwa.

Maharagwe yale tuliyapika jioni. Mkubwa aliyala polepole, akiyatazama.