Barry Bonds na vituo 232 vya bure

Katika besiboli ya Marekani, mpigaji anaweza kufika kituo cha kwanza bila hata kuugusa mpira. Mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo halali, na mpigaji asiingie mtegoni akaipiga, mwamuzi humpa kituo bure. Eneo lenyewe ni finyu: upana sentimita 43, urefu kutoka magotini hadi karibu na kifua. Mpira ukija kwa mwendo wa kilomita 145 kwa saa, mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuamua apige au auache upite.

Mwaka 2004 Barry Bonds wa San Francisco Giants alipata vituo vya bure 232, na hadi leo hakuna aliyeisogelea rekodi hiyo. Waliomfuata msimu ule, Bobby Abreu, Lance Berkman na Todd Helton, kila mmoja aliishia 127. Babe Ruth, pamoja na ukubwa wote wa jina lake, alifikisha 170 mwaka 1923. Bonds alitimiza miaka 40 msimu ukiendelea, na bado katika kila zamu kumi za kupiga, sita alifika kituoni.

Lakini 120 kati ya hivyo 232 alipewa makusudi. Mdakaji alisimama wima, akanyoosha mkono pembeni, na mrushaji akatupa mipira minne ya taratibu kule ambako fimbo haifiki. Mashabiki wa San Francisco walichoka, wakawa wanatundika kuku bandia uwanjani kuwazomea wapinzani. Kwa Wamarekani kuku ndiye ndege wa uoga, kama kunguru kwetu.

Hofu hiyo ilikuwa na historia. Tarehe 28 Mei 1998, Arizona Diamondbacks walikuwa mbele 8-6, mzunguko wa mwisho, vituo vyote vitatu vina wachezaji wa Giants, na amebaki mtu mmoja tu wa kutolewa. Kocha Buck Showalter akaamuru Bonds apewe kituo. Maana yake aliwazawadia wapinzani pointi kwa mkono wake mwenyewe: 8-7. Aliyefuata, Brent Mayne, akapiga mpira ukadakwa. Mechi ikaisha, Showalter akapona.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alikuwa na jicho kweli, nitamtaja Eddie Yost wa Washington Senators. Mwaka 1956 wastani wake wa kupiga ulikuwa 0.231, wa mtu ambaye mrushaji hana sababu ya kumkwepa. Mipira aliyoipiga akafika kituoni ilikuwa 119. Vituo vya bure, 151. Hivyo alivitafuta mwenyewe, mpira kwa mpira, na mara sita aliongoza ligi yake kwa ustadi huo.

Bonds naye anabaki na kivuli cha tuhuma za dawa za kuongeza nguvu, na hadi nafasi yake kwenye kura za waandishi ilipokwisha mwaka 2022 hakuwahi kufikisha asilimia 75 za kuingia jumba la magwiji. Ama makocha waliomkimbia, kejeli za kuku hazikuwadhuru: Giants walimaliza msimu wa 2004 mechi mbili nyuma ya Los Angeles Dodgers, wakakosa hatua ya mtoano.