Neema na mizani ya muumini: somo la Uamsho wa Afrika Mashariki

Neema, katika mafundisho ya Kikristo, ni kibali cha Mungu anachopewa binadamu pasipo kukistahili. Hapo madhehebu yote makubwa yanakubaliana. Yanapoachana ni kwenye maswali mawili: neema hiyo humfikia mtu kwa njia gani, na nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba imemfikia. Swali la pili ndilo lenye moto zaidi, kwa sababu linagusa cheo cha askofu, kazi ya kasisi na haki ya muumini wa kawaida kupima anachofundishwa.

Mjadala wenyewe ni wa kale. Mtume Paulo, katika nyaraka kwa Warumi na Wagalatia, anasisitiza kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani wala si kwa matendo ya sheria; Yakobo naye anaonya kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Mwanzoni mwa karne ya 5, Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alibishana na Pelagius, aliyefundisha kwamba binadamu anaweza kuchagua mema kwa nguvu zake mwenyewe. Augustino alishikilia kuwa hata ile nia ya kumgeukia Mungu ni zawadi, na Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ukayakataa mafundisho ya Pelagius. Miaka 1,100 baadaye Martin Luther aliirudisha hoja ya neema mezani, na mwaka 1521, mbele ya mfalme mkuu Karl wa Tano mjini Worms, akakataa kuyafuta maandishi yake isipokuwa ashindwe kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi. Kanisa Katoliki lilijibu katika Mtaguso wa Trento mwaka 1547: neema hutangulia, lakini mtu hushirikiana nayo kwa hiari yake. Ilichukua hadi Oktoba 31, 1999 kwa Wakatoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani kutia saini tamko la pamoja mjini Augsburg, wakikiri kwamba katika msingi wa fundisho hili hawatofautiani tena.

Afrika Mashariki ilipokea Ukristo katikati ya ugomvi huo. Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walifika Buganda mwaka 1877, Mapadri Weupe wa Kikatoliki wakawafuata mwaka 1879, na kila upande ulimwonya mwongofu asiusikilize upande wa pili. Hata hivyo, ni katika eneo hilohilo la Maziwa Makuu ambako, nusu karne baadaye, waumini wasio na vyeo walilichukua suala la neema mikononi mwao. Vuguvugu lao linajulikana kama Uamsho wa Afrika Mashariki, na wafuasi wake nchini Uganda huitwa Balokole, yaani waliookoka.

Ukristo wa ubatizo

Kufikia miaka ya 1920, Kanisa la Kianglikana nchini Uganda lilikuwa taasisi yenye heshima na nguvu. Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa imekamilika tangu 1896. Machifu wengi walikuwa wamebatizwa, shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na jina la ubatizo lilimfungulia kijana njia ya elimu na kazi. Lakini mafanikio hayo yalizaa tatizo. Wengi walihesabika kuwa Wakristo kwa sababu walifaulu mafundisho ya ubatizo na kipaimara, huku ndoa za wake wengi, ulevi na rushwa vikiendelea kama kawaida. Neema ilifundishwa darasani. Maishani ilichukuliwa kuwa imeshapokelewa siku ya kubatizwa, na jambo likaishia hapo.

Mtu mmoja aliyesumbuliwa na hali hiyo alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya afya. Mwezi Septemba 1929 alikutana Kampala na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, aliyekuwa amechoshwa na kazi na njaa kubwa iliyoipiga nchi hiyo. Watu hao wawili, mmoja mtawaliwa na mwingine wa taifa tawala, walikaa pamoja siku kadhaa wakiisoma Biblia mada kwa mada na kuomba. Nsibambi baadaye aliacha kazi akawa mhubiri. Church alirudi Gahini na mtindo uleule wa kujifunza: chukua mada moja, fuata aya zake kutoka kitabu hadi kitabu, kisha kila mmoja aseme alichokiona. Daktari huyo aliandika hata mwongozo wa kujifunzia, ambao jina lake lilitangaza kwamba kila mtu ni mwanafunzi wa Biblia.

Moto wa Gahini

Hospitali ya Gahini haikuwaka mara moja. Yosiya Kinuka, kiongozi wa wauguzi, aliupinga ujumbe huo mpaka alipokwenda Kampala na kuzungumza na Nsibambi. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu hapo Gahini. Desemba 1933, katika mkutano wa maombi, watu walianza kuungama dhambi zao hadharani bila kuitwa, na kuanzia hapo timu za wahubiri zikaanza kutembea kutoka mji hadi mji. Ujumbe wao ulikuwa mfupi: ubatizo na cheo cha kanisani havimwokoi mtu; msalaba wa Yesu unatosha; anayetubu anasamehewa sasa, na aliyesamehewa hurudisha alichoiba na kupatana na aliyemkosea.

Kigozi alipanga kuyapeleka mambo matatu mbele ya sinodi ya kanisa mjini Kampala: ubaridi wa kiroho, Meza ya Bwana kutolewa kwa watu waishio waziwazi katika dhambi, na haja ya kanisa kuamka. Alifariki kwa homa mwezi Januari 1936 kabla ya kuzungumza. Wito wake wa kuamka, Zukuka kwa Kiganda, ukafanywa kaulimbiu ya kanisa lilipojiandaa kuadhimisha miaka 60 mwaka 1937. Mwaka huohuo wa 1937 timu ilifika Kabete, Kenya. Mwaka 1939 nyingine ilifika Katoke, magharibi mwa Tanganyika, na Walutheri wa Bukoba nao wakaguswa.

Mukono, 1941

Mgongano mkubwa na mamlaka ulitokea kwenye chuo cha makasisi cha Mukono. Kikundi cha wanafunzi, kikiongozwa na William Nagenda, kililalamikia mambo mawili: wizi na uasherati chuoni, na mafundisho ambayo waliona yanaidhoofisha Biblia na msalaba. Walikusanyika alfajiri kabla ya kengele ya kuamka, wakaomba na kuwahubiria wenzao. Mkuu wa chuo alipiga marufuku mikutano hiyo, wao wakakataa kutii, na Oktoba 1941 wanafunzi 26 wakafukuzwa. Nagenda hakuwahi kupewa ukasisi. Aliendelea kuhubiri akiwa mlei, na jina lake likavuka mipaka ya Afrika.

Hoja za pande zote zilikuwa na uzito. Uongozi ulisema kanisa haliwezi kuendeshwa na kila mwenye kudai kwamba Roho amemwongoza, na kwamba kijana anayesomea ukasisi lazima ajue kutii. Wanafunzi walisema utii kwa mkuu wa chuo una mpaka, na mpaka huo ni Injili. Kilichofuata ndicho kilichoutofautisha Uamsho na mafarakano mengi ya Kikristo: waliofukuzwa, pamoja na wenzao wengi, hawakuanzisha dhehebu jipya. Walibaki ndani ya kanisa lililowakemea, wakipokea ushirika mtakatifu kutoka kwa makasisi ambao mahubiri yao waliyatilia shaka. Miaka ikapita, na watu wa Uamsho wakashika nafasi za juu. Mei 1955, miongoni mwa maaskofu wanne Waafrika waliowekwa wakfu pamoja mjini Kampala, alikuwemo Obadiah Kariuki wa Kenya, mwanauamsho wa siku nyingi. Erica Sabiti, mlokole, akawa askofu mkuu wa kwanza Mwafrika wa Uganda mwaka 1966. Miongoni mwa Walutheri, Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo.

Ushirika kama mizani

Wanauamsho walijiamulia mengi, lakini hawakuamua kila mtu chumbani mwake. Chombo chao kilikuwa ushirika, kikao cha kila juma kisicho na ofisi, mshahara wala daftari la wanachama. Hapo ndugu alisimama, akatoa ushuhuda, akataja alipojikwaa, na wenzake wakampima kwa Maandiko na kwa mwenendo wake. Waliita hali hiyo kutembea nuruni. Mwanamke alizungumza mbele ya wanaume, kijana mbele ya wazee, mpishi mbele ya bwana wake. Baadhi ya wamisionari waliungama mbele ya Waafrika dhambi ya kiburi cha rangi, jambo ambalo lisingewezekana katika mfumo wa kikoloni kwa njia nyingine.

Uhuru huo haukuwapendeza wote. Machifu na wazee waliona aibu kusikia siri za koo zikimwagwa hadharani. Lakini ulizaa watu wenye msimamo. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya Oktoba 1952, wanauamsho wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengine wakakataa pia kubeba bunduki za walinzi wa serikali. Walishutumiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Nchini Uganda, askofu mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, aliuawa Februari 1977 baada ya maaskofu kupinga mauaji ya utawala wa Idi Amin. Mwenzake Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alikimbilia uhamishoni, na mwaka huohuo akachapisha kitabu kilichoeleza kwa nini anamsamehe dikteta huyo.

Neema inapogeuka sheria

Historia hiyo ina upande wake wa pili. Watu waliotangaza kwamba hakuna matendo yanayomwokoa mtu walianza, hapa na pale, kuorodhesha matendo ya kumtambua aliyeokoka. Mavazi, mapambo, pombe, mahari na namna ya kuungama vikawa vipimo. Aliyeungama kwa maneno tofauti alihesabiwa kuwa bado. Huko Nyanza, Kenya, mvutano kati ya makundi ulifikia kuvunjika mwaka 1957, pale Matthew Ajuoga na wafuasi wake, walioitwa Johera, walipojitenga na Waanglikana na kuanzisha Church of Christ in Africa. Nchini Uganda likatokea kundi la walioamka upya, lililowataka ndugu waishi kwa masharti makali zaidi, ikiwemo kukataa madeni. Ushirika ulioanza kwa kuhoji hukumu ya kanisa ukawa na hukumu yake ambayo haikuhojiwa. Ni kosa lilelile ambalo Paulo aliwakemea Wagalatia: kuanza kwa neema na kumalizia kwa sheria.

Udhaifu wa pili ulikuwa kuibana neema ndani ya maisha binafsi. Dhambi iliyoungamwa mara nyingi ilikuwa wizi, uzinzi au chuki kwa jirani. Dhuluma ya mfumo mzima ilitajwa kwa nadra. Rwanda, nchi ya Gahini, ilikuwa miongoni mwa nchi zenye asilimia kubwa zaidi ya Wakristo Afrika, na bado katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 watu walichinjwa hata ndani ya majengo ya makanisa, kama Ntarama na Nyamata. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani mapadri wawili Wakatoliki na mchungaji mmoja Mwadventista kwa kuhusika na mauaji hayo. Walikuwapo Wakristo waliokufa wakiwakinga majirani, lakini idadi ya waliotii sauti ya mamlaka bila kuipima ilikuwa kubwa mno.

Madhara ya utii usiopima yameonekana pia kwenye vikundi vidogo. Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kikundi cha kidini waliteketea ndani ya jengo lao la ibada huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda. Mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kukutana na Yesu. Katika matukio kama haya, kiongozi mmoja hugeuka kuwa msomaji pekee wa Maandiko, na kuuliza huhesabiwa dhambi.

Kupima bila kujitenga

Mafundisho rasmi ya makanisa yenyewe hayamkatazi muumini kufikiri. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, kinawasifu watu wa Beroya kwa sababu waliyachunguza Maandiko kila siku kuona kama aliyoyasema Paulo ni kweli. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulioketi kuanzia 1962 hadi 1965, ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake, huku ukisisitiza kuwa dhamiri hiyo inapaswa kulelewa na mafundisho ya Kanisa. Waprotestanti huyaweka Maandiko juu ya kauli ya kiongozi yeyote, lakini nao wana sinodi, katekisimu na maungamo ya imani yanayomzuia mtu mmoja kujitungia dini.

Uamsho wa Afrika Mashariki unaonyesha jinsi mambo hayo yanavyoweza kukaa pamoja, na yanavyoweza kuharibika. Ulistawi pale muumini alipoisoma Biblia yote badala ya aya moja aliyochaguliwa, alipopima anachoamini mbele ya watu wenye uhuru wa kumkosoa, na alipobaki kwenye kanisa aliloona lina kasoro. Ulidhoofika pale kundi lilipoanza kujiona limefika. Kwa muumini wa leo, anayesikia mahubiri kumi tofauti redioni na kwenye simu kabla ya Jumapili kwisha, kipimo ni hichohicho: fundisho linaloogopa maswali lisipewe nafasi, hata likitolewa kwa jina la neema, na anayehoji naye akubali kuhojiwa.