Nani Aliuliza? Utangulizi wa Taaluma ya Mitandao ya Maarifa

Anayesafiri kutoka Webuye kwenda Kitale hupita Misikhu, na ningependa mwanafunzi mpya wa taaluma hii ashuke hapo kabla hajafungua kitabu chochote. Katika pande hizi za Bungoma na Trans Nzoia zimejaribiwa karibu njia zote za kumfikishia mkulima maarifa: kituo cha utafiti, bwana shamba, baraza la chifu, redio, chama cha akina mama, na sasa simu ya mkononi. Sisi tunachunguza jinsi watu wanavyopeana wanachokijua, na lini kupeana huko kunawawezesha kuongoza maendeleo yao wenyewe.

Mwaka 1964 kituo cha Kitale kilitoa mahindi chotara ya H611, yaliyotokana na mbegu ya Kitale na nyingine kutoka Ecuador. Yalienea upesi, na mwaka 1975 John Gerhart akachapisha utafiti kuhusu kuenea kwa mahindi chotara magharibi mwa Kenya. Zama hizo wasomi wengi walifuata njia ya Everett Rogers, ambaye kitabu chake cha 1962 kiliwapanga watu kwa kasi yao ya kupokea kitu kipya: waliotangulia, waliofuata, waliobaki nyuma. Miaka ya 1980 Benki ya Dunia ikaja na mpango wake: afisa afundishwe, amtembelee mkulima teule, naye awafundishe majirani. Isome kazi hiyo kwa heshima, maana mahindi yale yamelisha watu wengi. Lakini utaona kwamba hesabu zake zinaanzia pale ambapo jibu limekwisha kupatikana. Nani aliuliza swali? Swali hilo linanikera kila nisomapo ripoti za wakati ule, na ndilo lililotuzalia taaluma hii.

Shamba darasa lilikuwa hatua kubwa. Lilianza Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga, likafika magharibi mwa Kenya katikati ya miaka ya 1990, na kuanzia 1999 likapanuliwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, FAO na IFAD, katika Kenya, Uganda na Tanzania, Bungoma ikiwamo. Nakusihi ukae kikao kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Watu ishirini na kitu huingia shambani asubuhi, wakajigawa makundi. Kila kundi huchagua mashina machache, likahesabu majani, likatafuta wadudu waharibifu na wale wanaowala waharibifu hao. Kisha huketi kivulini na kuchora yote kwenye karatasi kubwa: mmea, wadudu, hali ya udongo na ya anga. Mmoja husimama kueleza, wengine humhoji. Mabishano yakishika kasi, hurudi shambani kuangalia tena. Cheti hakisaidii hapo, wala umri. Baadaye vikundi vya Bungoma, Busia na Kakamega viliunda mitandao yao, na hilo kwangu lina uzito kuliko idadi yoyote ya waliohitimu.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Miaka ya 1990 Zeyaur Khan na wenzake wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, wakishirikiana na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted cha Uingereza, walibuni kilimo cha sukuma-vuta. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na majani ya nepia huzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua, nayo nepia huwavutia pembeni. Chini ya ardhi, mizizi ya desmodiamu huchochea mbegu za striga, gugu ambalo wengi magharibi huliita kayongo, zichipue bila kupata mzizi wa mhindi wa kunyonya, zikafa. Sayansi yake ni imara. Lakini katika shamba dogo la magharibi mahindi hayakai peke yake. Maharagwe yana haki yake humo, na mama anayepika ndiye wa kwanza kuyaulizia. Wakulima walisema hivyo. Watafiti wakarudi mashambani, wakapima, na mwaka 2009 wakachapisha kwamba maharagwe yanaweza kuingizwa bila kudhoofisha kinga ile. Soma maandishi hayo ukitafuta mahali swali la mkulima lilipogeuza utafiti.

Huko Bungoma, shirika la SACRED Africa nalo lilieneza mtindo wa MBILI: mistari miwili ya mahindi, miwili ya jamii ya kunde, ili mwanga uifikie mimea mifupi.

Usidhani kila mtandao hubeba ukweli. Viwavijeshi vamizi vilipoingia magharibi mwa Kenya mwaka 2017, Bungoma na Trans Nzoia zikiwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kushambuliwa, wakulima walijaribu jivu, mchanga, hata sabuni ya unga kwenye moyo wa mhindi. Habari za kila jaribio zilisafiri haraka, lililofaa na lisilofaa, kwa kuwa anayesikia kwa jirani hawezi daima kuona shamba lenyewe. Kujua jinsi kikundi kinavyochuja uvumi ni kazi ambayo bado inahitaji vijana wenye subira, wanaosikia Lubukusu, lugha ya wengi Bungoma, na wasioona aibu kuuliza mara ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vyetu vimelipita haraka mno. Mkulima anayewafundisha wenzake huacha palizi yake, hulipa bodaboda, huwapikia wageni chai, na shamba lake huchukuliwa kuwa mali ya wote siku ya wakulima. Mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi ardhi anayolimia si kwa jina lake. Ripoti humwita mtu wa kujitolea. Utakapofika kwake na daftari lako, muulize siku hiyo ilimgharimu nini, uandike jibu lake pamoja na mavuno.